Siku Tuliyowafunga Punda wa Kyuso

Mimi ndiye niliyemuua Syombua. Nilimuua mchana kweupe, mbele ya foleni nzima, kwa kalamu ya bluu, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama kando yangu akiniharakisha. Yuko mzima hadi leo. Ana duka, ana matangi mawili ya maji, ana punda saba, na ulimi wake umri haujaupunguza makali. Lakini katika vitabu vya ofisi yeye ni marehemu, na juzi jambo hilo lilinirudia.

Nilikuwa nyumbani kwangu Mbumbuni, upande wa Makueni, ambako nimestaafu na sasa nafuga kuku na kubishana na majirani. Simu ikalia. Alikuwa kijana wa leseni anaitwa Kyalo, niliyemfundisha kazi miezi michache kabla sijaondoka.

"Mzee Kufuli, niko Kyuso, kwa duka ya mama mmoja. Nimeweka kitambulisho yake kwa mashine, inaniambia huyu ni marehemu. Na si ako hapa ananiangalia! Tuliambiwa biashara ya marehemu inafungwa. Nifunge?"

"Amekupa chai?"

"Amenipa."

"Ya maziwa?"

"Ya maziwa, mzee. Na chapati."

"Basi kula kwanza. Usifunge kitu. Nakuja."

Nyinyi vijana mlioajiriwa juzi, mnaotembea na mashine kiunoni na vizibao ambavyo bado vina harufu ya dukani, nimewaandikia haya kwa sababu ya simu hiyo. Mtatumwa kufunga. Kufunga ni rahisi, hata mtoto anaweza kubana kufuli. Nataka mjue mimi nilifunga nini.

Kufuli ndilo jina langu la kazi. Jina nililopewa na mama ni Kimanzi, lakini sokoni hakuna aliyelitumia isipokuwa wachache. Nilibeba kufuli kumi na mbili ndani ya mfuko wa gunia, nazo zililia kila nilipotembea, kwa hiyo soko zima lilijua ninakuja kabla sijafika. Nilifanya kazi miaka miwili nikishangaa kwa nini watu wa soko la Kwa Vonza, kituo changu cha kwanza, hawafungui biashara siku ninazopita. Nilidhani ni wavivu.

Aliyenifungua macho ni mzee Mutisya, kanjo wa zamani, yaani askari wa kukagua leseni kama mimi, aliyenitangulia kazini. Alinifundisha kwamba kibanda kikiwa kimefungwa, usiangalie mlango, angalia kuku. Kuku wakisimama mbele ya mlango uliofungwa, ndani kuna mtu anapima mahindi. Kinyozi anayejificha utamjua kwa wanaume wanaopita barabarani wakiwa na poda shingoni. Na hoteli isiyo na leseni usiisumbue kabla hujala, kwa sababu ukishaisumbua hutakula. Haya yote mnaweza kuyaandika, bado yanafanya kazi.

Mutisya pia ndiye aliyekuwepo siku nilipomfungia fundi wa nguo ndani ya kibanda chake. Nilifika, nikaona giza, nikabana kufuli, nikaenda zangu kwa mbwembwe. Fundi alikuwa amelala chini ya meza. Tuliporudi jioni tulimkuta ameshona sare tatu za shule, akatuomba tuwe tunamfungia kila siku ya soko kwa sababu siku hiyo hakuna mtu aliyemsumbua na maneno. Mutisya alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasimama, akaacha kucheka, akaniambia, "Kimanzi, wewe gonga kwanza. Ujue ni nini unafunga." Nilisikia, lakini sikuelewa. Ilinibidi niende Kyuso ndipo nielewe.

Kyuso ni pakavu. Ndengu zinakubali, mbuzi wanakubali, lakini maji unayafuata mtoni, unachimba mchanga mpaka yatokee, na mto uko mbali na soko. Aliyeleta maji sokoni siku hizo ni punda. Punda mmoja hubeba mitungi minne ya lita ishirini, miwili kila upande, na nyuma yake hutembea mwanamke mwenye fimbo ambayo haitumii sana. Bila hao hakuna chai, hakuna kufua, hakuna kitu.

Syombua alikuwa mmoja wao. Alikuwa mjane mwenye binti wawili na punda wawili. Punda wa kwanza wanawake wa kanisa lake walichanga wakamnunulia, wa pili alijinunulia mwenyewe. Yule wa kwanza alimwita Waziri, kwa kuwa ndiye aliyetangulia njiani, na wa pili akamwita Mbunge, kwa kuwa alimfuata Waziri kokote bila kuuliza swali. Kabla ya punda hao alikuwa mtu wa mwolyo, yaani chakula cha msaada, neno ambalo kwetu watoto hulijua kabla ya kujua kusoma. Waziri na Mbunge ndio waliomtoa kwenye foleni hiyo. Binti zake walikuwa shuleni, na yeye alikuwa ameanza kunenepa shavu moja, lile la upande anaotafunia.

Ndipo akaja bosi mpya, Bwana Kasyoki. Alikuja na kabati jipya la chuma na mawazo ya kulijaza. Wiki ya pili alitutangazia kwamba kila kinachobeba mizigo ya watu kwa malipo ni usafirishaji, na usafirishaji ni lazima uwe na leseni na namba. Mmoja wetu akauliza kama punda pia. Bwana Kasyoki akasema punda hasa. Sisi tukapiga makofi, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tukifanya bosi akimaliza kusema.

Basi Syombua akaja kujaza fomu. Hakuwa mtu wa kukimbia sheria, na hilo nalisema wazi, maana kuna wanaodhani maskini hupenda kujificha. Alikuja asubuhi, amevaa kitambaa cha kanisani, na Waziri amemfunga nje ya dirisha. Fomu ilikuwa ile ile ya pikapu.

"Rangi ya gari?" nikamuuliza.

"Rangi ya punda."

"Namba ya injini?"

Syombua alimtazama Waziri, kisha akanitazama mimi. "Kimanzi, toka nje uiname uangalie mwenyewe."

Tulifika kwenye swali la choo. Fomu ilitaka kujua kama mahali chombo kinapoegeshwa pana choo. Nikamwambia lazima pawe na choo. Akaniuliza ni cha nani, chake au cha punda. Nikaenda kumuuliza bosi, bosi akasema fomu ni fomu. Na ada nayo ilikuwa ile ile ya pikapu, tena ilipwe mjini, safari ya siku nzima kwenda na kurudi, siku ambayo maji hayatajiteka yenyewe. Syombua aliirudisha fomu juu ya meza taratibu, akashukuru, akaenda zake. Waliopata namba walikuwa punda wanne tu, wote wa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akinywa chai na bosi. Bei ya mtungi ikapanda mara mbili kabla ya mwezi kuisha.

Waliobaki waliendelea kuuza maji kwa kujificha, wakipitia vichakani kama wezi. Bwana Kasyoki alipojua, akaita operesheni. Siku ya soko tukatoka na kamba, tukakamata punda thelathini na mmoja, tukawaingiza ndani ya ua wa ofisi, nami nikabana lango kwa kufuli yangu kubwa kuliko zote. Waziri na Mbunge walikuwa humo. Nilijisikia mwanaume wa maana sana siku hiyo. Nilipiga hata picha na simu yangu.

Siku ya kwanza ilipita vizuri. Siku ya pili asubuhi mhudumu wa ofisi alikuja na sufuria tupu, akasema chai hakuna, maji yameisha. Bosi akamwambia anunue. Akauliza, kwa nani? Sote tukageuka polepole kutazama dirishani. Punda thelathini na mmoja walikuwa wametusimamia pale nje wakitutazama.

Saa nne hivi akaja Mzee Shee. Huyu alikuwa na hoteli sokoni, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani na kizazi chake kikabaki Mwingi na huku kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri hata akikutukana unataka aendelee. Alisimama mlangoni.

"Bwana Kasyoki, mimi unga ninao, moto ninao, wateja ninao. Maji mmeyatia kifungoni nyinyi. Tangu jana natayamamu kwa mchanga kabla ya sala, nami nimewapikia watu wa ofisi hii miaka ishirini. Haya mapenzi gani?"

Bosi akamjibu kwamba sheria haina huruma. Mzee Shee akasema basi leo sheria haitakula pilau, akaondoka. Hilo lilituuma kuliko tulivyoonyesha.

Lakini kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekifikiria ni hiki: aliyemfungia mnyama ndiye anayempa maji. Punda thelathini na mmoja wanakunywa vibaya sana. Na waliokuwa wakileta maji tulikuwa tumewafunga. Basi bosi akatutuma sisi, kanjo wanne wenye sare, tuteremke mtoni na mitungi. Tulichimba mchanga kwa mikono. Tulipandisha mitungi kichwani, na kwetu Ukambani mwanaume mwenye mtungi kichwani hupita akiwa ameangalia chini. Wanawake walikuwa wamejipanga njiani kwa furaha. "Aiya! Kufuli, umepata leseni ya hiyo kichwa?" "Namba ya injini yako ni ngapi?" Mmoja wetu aliteleza akamwaga mtungi wote, na kikundi kizima kikapiga vigelegele.

Maji tuliyofikisha hayakutosha. Tuliyagawa kidogo kidogo, wakubwa wakawasukuma wadogo, na jua la Kyuso mnalijua. Siku ya tatu nilipofungua ua asubuhi, Waziri alikuwa ameanguka kando ya ukuta, amekufa, na Mbunge amesimama juu yake. Sikumgusa. Nilirudi ndani nikakaa. Niliona aibu ambayo sijaiona tena mpaka leo, na nimefanya mambo mengi ya aibu.

Mchana bosi aliagiza punda waachiliwe. Mke wake alikuwa ametuma ujumbe kutoka nyumbani kwake kuhusu maji ya kuogeshea watoto. Bosi akatuambia tuandike kwamba operesheni imefaulu, nami nikaandika.

Syombua alikuja kumchukua Mbunge. Nilijiandaa kutukanwa, na ningetamani anitukane. Alimfungua Mbunge, akajaribu kumvuta, Mbunge akakataa kuondoka bila mwenzake. Wakasimama hapo muda mrefu. Kisha Syombua akanigeukia, akamwonyesha Waziri kwa kidole.

"Kimanzi, huyu ndiye alikuwa analisha watoto wangu. Sasa mtawalisha nyinyi?"

Jibu lilikuja lenyewe baada ya miezi miwili, kwa sababu kweli tuliwalisha. Mbunge peke yake hakufanya kazi. Alikuwa akifika nusu ya njia anasimama. Ukame ukaingia, orodha ya mwolyo ikafunguliwa upya, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa, ofisi ya chifu iliniazima niandike majina. Syombua alifika mbele ya meza yangu. Aliniambia jina lake kama vile simjui, na mimi nikaliandika kama vile simjui. Bwana Kasyoki alikuja akasaidia kugawa mahindi, akapigwa picha akimmiminia Syombua kopo la maharagwe. Kwa hiyo hebu tazameni kazi tuliyofanya: mkono mmoja ulimnyang'anya punda, mkono wa pili ukampa mahindi, na mikono yote miwili ilikuwa ya mwili mmoja unaolipwa mshahara kila mwisho wa mwezi.

Mwaka huo huo tulipelekwa semina ya kupunguza umaskini uliokithiri. Ilikuwa katika hoteli nzuri yenye kuku na viazi. Mtaalamu kutoka Nairobi alitueleza, kwa picha ukutani, kwamba maskini wa kupindukia hahitaji sana kupewa, anahitaji aachwe anunue, auze, asafiri na mzigo wake bila kuzuiwa kila kona, na mali yake isichukuliwe ovyo. Alisema hayo kwa saa tatu. Wenzangu waliandika, nami niliandika, na kila alipotaja mali nilimwona Waziri kando ya ukuta. Syombua angeyasema yote kwa dakika moja, ila hakualikwa. Tulipewa nauli tukarudi kazini, na kesho yake nikamfungia mama mmoja wa mandazi.

Nawaambia haya ili msije mkadhani nilibadilika mara moja. Kujua kitu na kuacha kukifanya ni safari mbili tofauti, na mimi nilisafiri polepole.

Bwana Kasyoki alihamishwa, na kabati lake likabaki. Badala yake akaja mama mmoja mfupi, asiyependa kelele. Siku yake ya kwanza alituuliza tunafanya nini Jumatano. Tukasema Jumatano bado tunafuata punda wasio na namba. Akatwambia tumletee sheria ya punda aisome. Tukafungua kabati, tukatafuta asubuhi yote. Kulikuwa na sheria ya magari, sheria ya nyama, sheria ya mbao, na karatasi moja ya mapishi ya keki. Ya punda haikuwepo. Bwana Kasyoki alikuwa ameitoa kichwani mwake.

Mama yule akavua miwani. "Sasa nyinyi mmekuwa mkifuata nini?"

Akasema, "Basi kaeni." Tukakaa. Jumatano hiyo tulikaa ofisini tukicheza drafti, na nje wanawake walipita na punda wao barabarani, mwanzo wakitutazama kwa wasiwasi, kisha bila kututazama kabisa.

Hakuna aliyekata utepe. Hakuna aliyepigwa picha. Lakini baada ya miezi michache ungeona mwenyewe: punda waliongezeka, bei ya mtungi ikarudi ilipokuwa kisha ikashuka zaidi, na yule mfanyabiashara wa punda wanne wenye namba akalazimika kuwa na adabu kwa wateja. Syombua alimpatia Mbunge mwenzake, punda mdogo wa mkopo kutoka kwa shangazi yake, na Mbunge akakubali kutembea. Kwenda mtoni walibeba mitungi mitupu. Syombua akaona ni ujinga kushuka bila mzigo, akaanza kuwabebea watu wa bondeni unga na chumvi, na kupandisha ndengu zao mpaka barabarani. Hakufundishwa na semina yoyote. Punda wakawa watatu, kisha wanne. Hata mimi nilijifunza kwake kupakia: ukiwa peke yako, mitungi ya upande mmoja uitegemeze kwa kijiti chenye panda mpaka umalize upande wa pili, la sivyo mzigo utapinduka na punda atakuadhibu.

Ukame uliofuata, mwolyo ukaja tena. Orodha ilikuwa ile ile ya zamani, na mimi nimekaa mezani na kalamu yangu ya bluu. Jina la Syombua likaitwa. Sikutarajia aje mwenyewe; wiki zilizopita lilikuwa likiitwa na chakula kinaondoka, ila sikuwa nimeangalia ni nani anayekichukua. Mara nikamwona amesimama mbele yangu, mikono mitupu.

"Nimekuja unitoe."

"Nikutoe wapi, mwaitu?" nikamuuliza, yaani mama.

"Hapo kwa hiyo kitabu. Nasikia kila wiki nachukua mahindi. Jina langu linakula na mimi sijaonja. Nitoe."

Nikafungua ukurasa wa mwisho, ule wa kuondoa majina. Katika miaka yote sikuwahi kuutumia. Palikuwa na nafasi ya sababu, na sababu zilizochapishwa zilikuwa mbili tu: kuhama na kufa. Nikamsomea.

"Sijahama," akasema. "Nihame niende wapi? Nyumba yangu si ni ile."

"Basi imebaki kufa."

"Hakuna pahali umeandika kwamba mtu amejitosheleza?"

Nikaipindua karatasi, nikaangalia hata nyuma. "Hakuna, mwaitu."

Syombua aliwaza kidogo, akajifunga leso vizuri. "Kimanzi, andika nimekufa. Na ufanye haraka, nimeacha punda kwa jua."

Nikaandika. Nawaambia ukweli, nilifurahi kama mtu anayemzika adui. Ofisi yetu ilimjua mtu akiwa na njaa, na ilimjua akiwa maiti. Aliyekuwa kati ya hayo mawili, anayefanya kazi na kula jasho lake, hatukuwa na mahali pa kumweka.

Sasa mmeelewa kwa nini nilimwambia Kyalo asifunge. Mliponunuliwa hizo mashine, mtu aliingiza vitabu vyote vya zamani humo ndani bila kuuliza, na Syombua wangu akaingia akiwa marehemu. Na mimi kumfufua ilimaanisha kukiri kwa maandishi kwamba niliandika uongo katika kitabu cha serikali. Usiku huo nilifikiria pensheni yangu. Mke wangu alinitazama nikigeuka kitandani, akaniuliza kama nataka kufa nikiwa Kufuli. Asubuhi nikapanda gari.

Nilimkuta Kyalo bado anahudumiwa chai. Lile duka ni kubwa kuliko ofisi ambayo uani mwake tulimfungia Waziri. Syombua alitoka nyuma akifuta mikono, mvi zimemjaa, akanitazama juu mpaka chini.

"Umekuja kunifufua?"

"Nimekuja."

"Umechelewa. Lakini keti."

Niliandika barua nikiwa juu ya gunia la ndengu. Niliandika kwamba mwanamke huyu yuko hai, kwamba alikuwa hai siku ile pia, na kwamba mimi niliandika amekufa kwa kuwa alitaka kutoka kwenye orodha ya njaa na fomu haikuwa na mlango mwingine. Nikatia sahihi. Kyalo akaipiga picha akaituma. Mpaka sasa hakuna aliyenijibu, na pensheni imeingia kama kawaida, kwa hiyo sidhani kama kuna aliyeisoma.

Kisha Kyalo akaanza kumsajili upya. Leseni ya sasa ni maswali machache, hata hatoki dukani, na ada yake ni ya duka, si ya pikapu. Syombua hakulalamika. Alisema hii anaiweza, ile ya zamani ilikuwa inataka kumjengea Waziri choo. Kyalo hakuelewa, akaendelea kubonyeza.

"Biashara ilianza lini, mama?"

Nilingoja aseme siku kanisa lilipomnunulia Waziri, au siku alipojenga duka. Syombua alinigeukia mimi.

"Andika ile siku mliacha kutufuata."

"Mashine inataka tarehe," Kyalo akasema. "Mzee, ilikuwa tarehe ngapi?"

Vijana wangu, nilikaa juu ya lile gunia nikatafuta kichwani. Najua tarehe ya operesheni ya punda, niliiandika mwenyewe kwamba imefaulu. Najua siku niliyoandika jina lake kwenye mwolyo. Najua siku niliyomuua. Kila siku niliyomfanyia Syombua jambo, iko kitabuni, kwa mwandiko wangu mzuri. Lakini ile Jumatano hakuna aliyeandika chochote, kwa sababu tulikuwa tumekaa ndani tunacheza drafti.

Nikamwambia Kyalo sijui. Naye akakaa na kidole hewani, mashine ikimngoja.